Waliozikwa Ukweni

12 Oktoba
Mvua. Mwalimu Ok wa fasihi ametuagiza tuweke shajara mpaka muhula uishe. Hataisoma, atatazama tarehe tu. Alisema siku isiyo na jambo iandikwe mstari mmoja, tusiitie maji kama supu ya mchoyo. Leo haina jambo. Matunda yetu ya gam, tunayoyakausha kila mwaka, yangali mitini na mvua haiachi.

14 Oktoba
Mvua.

17 Oktoba
Leo sikwenda shule. Nilimsindikiza Baba hospitalini Daegu. Mama alibaki kuchuma gam kabla hazijapasuka kwa maji, na Baba tangu aanze dawa husahau anayoambiwa. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza.

Hapa kijijini watu wanajua Baba alipasuliwa bega. Si bega. Mwezi wa Julai alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Kwenye viti vya kungojea wote walikuwa wanawake isipokuwa yeye. Muuguzi alitoka akaita, "Noh Seokju," huku akitafuta mwanamke kwa macho. Baba alipoinuka, bibi mmoja wa kiti cha jirani alimwambia kwa upole, "Mwite mkeo upesi, mwanangu. Wakimruka hapa, mtakesha."

"Asante, mama," Baba alisema, akaingia.

Daktari ni mwanamke mwembamba, anasema polepole. Alieleza kuwa majibu ya damu yametoka na katika damu ya Baba kuna jeni yenye kasoro, ya kurithi. Ndiyo iliyofungua mlango wa saratani. Aliipata kwa mmoja wa wazazi wake, na kila mtoto wa mzazi huyo alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuipata.

"Una ndugu?" aliuliza.

"Dada mmoja. Ananifuata."

"Ana umri gani?"

"Thelathini na tisa."

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema kwa mwanamke jeni hii ni hatari zaidi: titi, na pia mifuko ya mayai, ambayo huugua kimya. Mtu akijua mapema yapo mengi ya kufanya. Akichelewa, ni machache.

"Utampigia simu wewe?" Baba aliuliza.

"Siwezi bila ruhusa yako. Damu ni yako na siri ni yako. Sheria inanifunga mdomo. Hata nikipishana na dada yako hapo mlangoni, nitamsalimia na kupita. Unaniruhusu?"

Baba alisema, "Anaolewa mwezi ujao."

Daktari alingoja. Badala ya kumjibu, Baba alinionyesha kwa kidevu: "Na huyu?" Daktari alisema mtoto hapimwi. Nikiwa mtu mzima nitaamua mwenyewe, maana wako wanaotaka kujua na wako wasiotaka, na hakuna ruhusa ya kumlazimisha yeyote kati yao. Nilishukuru kwa kichwa. Sikujua mimi ni wa upande upi.

Tulikula supu ya wali katika mkahawa wa hospitali. Baba alikoroga tu. "Garam," alisema, "uliyoyasikia mle ni yangu. Mpaka niyaseme mimi." Niliahidi. Uso wake ulikuwa na rangi ya karatasi, na ningeahidi lolote ili ale vijiko viwili zaidi. Alikula kimoja.

18 Oktoba
Baba aliwaambia Bibi na Mama jikoni. Nilikuwa naosha figili, hakuna aliyenifukuza.

"Katika nyumba hii hakuna ugonjwa huo," Bibi alisema. "Nimepika matambiko ya vizazi vinne. Namjua kila marehemu anayekula mezani petu. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa titi."

"Na Baba mkwe?" Mama aliuliza.

"Baba mkwe wako alikufa kwa pombe."

"Alikufa kwa saratani ya kongosho, Mama."

"Na kongosho liliuawa na nani? Pombe." Bibi alimgeukia Baba. "Miran asiambiwe. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa amepata mtu, tena mtu mwenye adabu, na mama yake huyo mtu amelinganisha tarehe zao za kuzaliwa kwa mpiga ramli mara mbili, ingawa mara ya kwanza zilikubaliana. Akisikia damu mbovu, unadhani atalinganisha mara ya tatu? Atarudisha zawadi."

"Mficha maradhi..." Mama alianza.

"Malizia," Bibi alisema.

Mama aliongeza maji kwenye mchele.

Basi imeamuliwa: baada ya arusi. Baba alikubali kwa jinsi mtu aliyechoka anavyokubali, bila kuinua kichwa.

21 Oktoba
Mvua. Mtihani wa hesabu, wastani.

25 Oktoba
Tumeanza kumenya. Mvua ilipumzika asubuhi na tukaketi sote bandani kuzunguka lundo la gam, kila mtu na kisu chake. Zikishamenywa hufungwa kwa vikonyo na kuning'inizwa kwenye kamba, safu juu ya safu, mpaka banda lote linakuwa na rangi ya machungwa hata usoni mwa watu. Kisha ni upepo na baridi tu vinavyofanya kazi, kama vipo.

Shangazi Miran alikuja, kama kila mwaka. Yeye ni mwalimu wa udereva mjini. Anafundisha hasa vikongwe, na sauti yake imezoea kushindana na injini.

"Wifi, umekonda," alimwambia Mama. "Kaka naye amekonda. Nyumba hii chakula anakula nani? Garam?"

"Tueleze habari za Tak," Mama alisema.

"Tak? Alifeli mtihani wa lori mara tatu. Ama alikuwa anafeli kusudi ili aendelee kuniona, ama ni mjinga kweli. Nitajua nikishaolewa."

Hata Baba alicheka. Alikuwa ameketi karibu na feni, hamenyi, mkono wa kushoto hauendi juu bado. Shangazi alimwuliza bega linaendeleaje. Alisema linaendelea.

Mimi nilijikata kidole gumba, Mama akakifunga kitambaa, nikaendelea kumenya kwa mkono wa kushoto. Bibi alinitazama akacheka.

"Tazama, wifi yangu Okbun huyu hapa. Alikuwa akimenya hivyo hivyo."

Okbun alikuwa dada ya marehemu Babu. Sikuwahi kumwona.

"Kwani alitumia kushoto?" Shangazi aliuliza.

"Hapana. Mwaka ule wa mwisho mkono wake wa kulia ulivimba kama figili la Novemba. Kuanzia kwapani. Lakini alikuja. Alisema akikaa kwake atasikia maumivu, afadhali asikie porojo zetu."

Kisu cha Mama kilisimama. Cha Baba hakikuwapo, lakini nilimwona naye ameganda kitini.

"Maskini," Shangazi alisema. "Alikufa kwa nini?"

"Ah, huyo alifia Andong," Bibi alisema, "kwa wakwe zake." Akachukua gam nyingine.

Alilisema kana kwamba Andong ndiyo iliyomuua. Shangazi aliridhika, akaanza kusimulia kikongwe mmoja aliyeendesha gari la mafunzo mpaka ndani ya shamba la vitunguu. Mimi nilimtazama mkono wake wa kulia ukizungusha tunda. Ulikuwa mwembamba, wenye nguvu. Niliendelea kuutazama mpaka akaniuliza kama nauza mikono.

28 Oktoba
Mvua tena, na yenye joto. Mvua ya Julai imepotea njia.

Nilimsaidia Bibi kufunga vikonyo, tukiwa wawili. Nilimwuliza kama Babu alikuwa na dada mwingine. Alisema ndiyo, Malsun, kitinda mimba. Aliolewa Yecheon. Alikufa kabla ya mtoto wake kuanza shule. Tumbo lilijaa maji, watu wakadhani ana mimba, wakampongeza.

"Bibi, mbona hukuyasema hayo siku ile jikoni?"

"Niliulizwa habari za nyumba hii. Wale walikwisha kuwa wa nyumba nyingine. Wanakula matambiko ya kule. Mtoto wa kike akiolewa huondoka na mambo yake."

"Damu haiondoki, Bibi. Tumesoma."

"Wewe umesoma. Mimi nimezika."

Nilitaka kusema kwamba hao wawili hakuwazika yeye, na ndiyo maana hakuwahesabu. Nikakaza fundo la kamba.

29 Oktoba
Nilimwambia Baba habari za Malsun. Alikuwa bandani anageuza feni. Alisema anamkumbuka Okbun: alikuwa akimletea peremende za ufuta, alinukia dawa. "Nilikuwa mdogo," alisema. "Nilidhani ndivyo Andong inavyonuka."

"Kwa hiyo utamwambia Shangazi?"

"Baada ya arusi, Garam. Nimeahidi."

Kila mtu katika nyumba hii ameahidi kitu. Aliyepaswa kuahidiwa ndiye asiyejua.

1 Novemba
Gam zimeanza kudondoka. Unyevu unalegeza vikonyo. Ukikaa kimya jikoni unasikia moja, kisha unangoja nyingine.

3 Novemba
Ukungu mweusi kwenye safu za chini. Mama alizifuta moja moja kwa pombe kali na pamba. Alizifuta mpaka akalala ameketi.

5 Novemba
Baba amerudi kutoka kwenye dawa. Hakula.

8 Novemba
Arusi.

Kwa kuwa Babu hayupo, Baba ndiye aliyemwingiza Shangazi ukumbini. Walitembea polepole na wageni walisema jinsi kaka alivyo na huzuni ya kumtoa dadaye. Mimi nilijua miguu ilikuwa haimwitikii. Shangazi alikuwa amemshika mkono kwa namna ambayo mtu wa mbali angedhani yeye ndiye anayeegemea. Kwa mara ya kwanza nikafikiri: huyu anaweza kubeba. Tunamficha mtu mwenye nguvu kutuzidi sote.

Kabla ya hapo nilikuwa naye chumba cha kuvalia. Gauni lilikuwa limeongezwa kiunoni na mshonaji alikuwa akilifunga tena kwa pini.

"Wiki mbili zilizopita lilinitosha," Shangazi alisema. "Mama mkwe ananilisha kama ng'ombe wa maonyesho."

Niliangalia tumbo lake. Nilikumbuka Malsun na wale waliompongeza.

"Garam, unanitazama kama mkaguzi wa barabara. Nimepinda wapi?"

"Umependeza, Shangazi."

"Sema tena bila kulia."

Mama yake Tak ni mwanamke mfupi asiyetabasamu ovyo. Wakati wa chakula alimwekea Shangazi vipande vya samaki bakulini, na kila kimoja alikitoa miiba kwanza. Shangazi alisema kwa sauti yake ile ya gari kwamba mwakani wakati wa kumenya atakuja na tumbo la kweli, wasimpe kazi ya kuning'iniza. Meza yote ilipiga makofi. Baba alipiga kwa mkono mmoja juu ya paja.

9 Novemba
Bibi amesema: "Acheni atulie kwanza kwa watu. Baada ya siku ya kimchi."

12 Novemba
Mvua. Gam zinadondoka.

15 Novemba
Somo la maadili lilihusu ahadi. Mwalimu aliuliza lini inafaa kuvunja ahadi, na Eunchae aliyeketi mbele alisema, kama ahadi inamwumiza mtu ambaye hakuwapo ilipotolewa. Mwalimu alisema vizuri sana. Nilitaka kuuliza: na kama kuivunja kunamwumiza aliyekuwapo, naye ni baba yako, hana nywele, na anachofikiri bado anakimiliki duniani ni siri hiyo moja? Sikuuliza. Swali refu kama hilo lingemfanya mtu ageuke.

Sidhani Baba ni mwoga. Zamani nilidhani mtu hufanya baya kwa sababu ni mbaya. Sasa naona wengi hulifanya kwa sababu wamechoka na jema liko mbali kidogo kuliko mkono unavyofika.

18 Novemba
Upepo kidogo. Mama alifungua mapazia yote ya banda. Hatukusema chochote, tusije tukaufukuza.

22 Novemba
Siku ya kimchi, kabichi ya pilipili ya kuliwa msimu wote wa baridi. Kabichi zilikuwa zimelazwa kwenye chumvi tangu jana, na ua mzima ulikuwa na mabeseni. Shangazi alikuja na glavu zake za mpira.

"Ukweni hawana kimchi yao?" Bibi alimkoromea, lakini alikuwa amekwisha kumwekea kiti.

"Wanayo. Haina ladha. Msiniponze kwa kusema."

Tuliwekwa beseni moja, mimi na yeye, kupaka pilipili katikati ya majani. Kazi hiyo inachukua kiwiko kizima. Alikuwa akiimba kidogo. Bibi na Mama walikuwa upande wa bomba. Baba alikuwa amelala ndani.

"Una nini wewe?" Shangazi aliuliza bila kuinua macho. "Tangu arusi umekuwa kama mtu aliyemeza ufunguo. Ni mvulana?"

"Si mvulana."

"Ni msichana?"

"Shangazi."

"Nauliza tu. Dunia ni pana."

Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Niliyasikia ladha yake kupita pilipili. Nikafikiri juu ya Baba na kijiko chake kimoja cha supu, nikageuza maneno yakawa swali. Nilimwuliza: kama kuna jambo baya njiani, angependa kuambiwa kabla halijafika au aachwe afurahi mpaka lifike?

Hakufikiri hata kidogo. "Kazi yangu ni ipi? Nakaa kiti cha pembeni namwambia mtu breki zake mbovu kabla ya mteremko. Nani anataka kuambiwa akifika chini?"

"Na kama kuambiwa kutamharibia safari?"

"Safari yenye breki mbovu imekwisha kuharibika, mama. Yeye tu hajui." Alinipaka pilipili puani kwa kidole cha glavu. "Kula. Umekonda kama wao."

23 Novemba
Nilimkuta Baba bandani. Nilimwambia sikuivunja ahadi, ila niliuliza swali, na hili ndilo jibu. Nilimweleza neno kwa neno, breki na mteremko. Alinisikiliza huku akishika gam moja iliyokuwa inaanza kukunjamana vizuri. Kisha alizima feni, akakaa juu ya kreti, na tukasikiliza banda. Hakuna iliyodondoka.

"Anajua kueleza, dada yangu," alisema.

29 Novemba
Leo ilikuwa siku ya tambiko la Babu. Hufanyika usiku, lakini mwaka huu tuliliweka jioni mapema kwa ajili ya Baba. Shangazi alikuja peke yake, Tak alikuwa na wanunuzi wa mapeasi ya shamba lake. Alifunga aproni akaingia jikoni kukaanga, kama desturi: wanawake hupika, wanaume husujudu.

Meza ilipangwa. Samaki mashariki, nyama magharibi. Wali wa Babu katikati. Kabla ya kusimamisha kijiko katika wali ili Babu ale, Baba alimwambia Mama alete bakuli mbili zaidi za wali na vijiko viwili.

"Za nani?" Bibi aliuliza.

"Za Shangazi Okbun na Shangazi Malsun."

"Hao wanakula kwa wakwe zao. Usichanganye meza."

"Walizaliwa chumba hiki hiki, Mama. Walichokufa nacho walikitoa hapa. Mimi ninacho, na nilikipata walikokipata wao." Sauti yake haikupanda. "Miran. Acha samaki, njoo ndani."

Shangazi alikuja na mwiko mkononi. Baba alibaki amesimama mbele ya meza, hakumgeukia vizuri, kana kwamba anawaambia marehemu na yeye anaruhusiwa kusikiliza. Alisema hakupasuliwa bega. Alisema alikatwa titi, na kwa nini, na kwamba iko katika damu, na kwamba huenda yeye Miran anayo na huenda hana, na daktari wa Daegu anangoja neno lake tu ili amweleze. Alisema, "Nampa ruhusa kesho asubuhi. Nilipaswa kumpa siku ile ile."

"Siku ile ipi?" Shangazi aliuliza.

"Mwezi wa kumi. Wakati wa mvua."

"Kabla ya arusi."

"Kabla."

Alitutazama mmoja mmoja. Bibi, Mama. Kisha mimi. "Na wewe. Lile swali lako."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa hiyo mlinisindikiza mpaka chini ya mteremko," alisema, "tena mmevaa nguo za sherehe."

"Ungeachwa," Bibi alisema.

"Ningeachwa huku najua, Mama. Na Tak je? Amenioa mimi, au amemwoa mtu mliyemvisha shela ili asionekane? Nimemwambia tupate mtoto upesi. Nimemwambia hivyo mbele ya mama yake, nanyi mkapiga makofi."

Alifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Gari lake lilitoka uani kinyumenyume bila yeye kuangalia kioo, yeye anayewagombeza vikongwe kwa kosa hilo kila siku.

Samaki aliungua. Baba alisimamisha vijiko vitatu katika bakuli tatu, akasujudu. Kisha akanishika bega akaniambia nisujudu kwa wale wawili. Wasichana hawasujudu katika nyumba yetu. Nilimtazama Bibi. Alikuwa akitazama bakuli la Okbun. Niliweka paji la uso sakafuni.

30 Novemba
Baba alipiga simu Daegu. Aliongea dakika chache. Alilala mchana kutwa bila kujigeuza.

2 Desemba
Shangazi hajapiga simu. Bibi anapita karibu na simu ya mezani, anaifuta vumbi.

4 Desemba
Baridi kavu. Hatimaye.

5 Desemba
Asubuhi kulikuwa na barafu kwenye beseni la mbwa. Safu za juu zimeanza kutoa unga mweupe wa sukari. Mama alisema theluthi moja labda imepona. Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari njema, na nadhani ilikuwa njema.

7 Desemba
Shangazi alipiga simu. Alimtaka Baba tu. Baba aliweka simu kwa sauti ya nje ili asilazimike kuishika, tukasikia sote, naye bila shaka alijua.

Alisema amekwenda Daegu pamoja na Tak. Amepimwa tumbo. Tumbo ni chakula cha mama mkwe, hakuna kingine. Damu imechukuliwa, majibu ya jeni ni baada ya mwaka mpya. Alimweleza Tak yote njiani, kwenye maegesho, na Tak alinyamaza mpaka Shangazi akadhani hajaelewa, kisha akauliza kama Kaka anaweza kula peasi wakati wa dawa.

"Na mama yake?" Baba aliuliza.

"Tumemwambia jana. Hajasema neno."

"Miran, mimi..."

"Bado nimekasirika, Kaka. Usinifanye nikusamehe kwa simu. Garam yupo?"

"Nipo, Shangazi."

"Ukifika umri, kama utataka kujua, nitakupeleka mimi. Kama hutataka, nitakupeleka kula kitu kingine mji huo huo. Umesikia?"

Nilisema nimesikia. Bado sijui mimi ni wa upande upi, lakini sasa naona pande zote mbili zina mtu wa kwenda naye.

10 Desemba
Boksi limeletwa kutoka kwa mama yake Tak. Halikuwa na neno lolote ndani, ni mapeasi tu, yale makubwa ya kuweka mezani wakati wa tambiko, kila moja limefungwa karatasi. Bibi alikaa chini akayafungua yote. Alilizungusha kila moja akitafuta mchubuko, kwa dole gumba, polepole.

"Hakuna," alisema mwishoni. "Mtu mwenye hasira hachagui hivi." Kisha akayafunga tena, kila moja katika karatasi yake.

13 Desemba
Tumeshusha gam. Jua lilikuwa jembamba na safi. Baba alishusha kamba mbili mwenyewe kwa mkono wa kulia. Mama alizipanga kwenye maboksi na Bibi alichagua. Bibi alizeeka msimu huu. Nilimkasirikia mwezi mzima wa kumi na moja, na leo nilipomwona akilamba unga wa sukari kidoleni kama mtoto, nikajua kwamba alikuwa anamlinda binti yake kwa kitu pekee alichofundishwa kulindia, yaani mdomo uliofungwa.

Tulipomaliza, aliniuliza, "Okbun alikufa tarehe ngapi?"

Nilisema mimi nitajuaje.

"Sikuwahi kuuliza," alisema. "Kama atakula hapa, lazima ijulikane tarehe."

Aliosha mikono, akakaa kwenye simu ya mezani, akanituma kwa jirani kutafuta namba ya watu wa Andong, kisha akaniambia nimsomee namba kwa sauti. Aliyepokea alikuwa mwanamke. Bibi alijitambulisha kirefu: mjane wa Noh wa Sangju, wifi yake marehemu Okbun. Alisikiliza. Alirudia tarehe ili niishike. Nilidhani ataaga.

"Na wewe ni nani, mwanangu?" aliuliza.

Alisikiliza. Mkono wake ulitafuta ukingo wa meza.

"Binti yake," alisema, lakini alikuwa anatuambia sisi. "Na una dada? Mnao wasichana?" Akasikiliza tena. Baba alikuwa amesimama mlangoni na boksi la gam. Bibi alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mwenye mali kabla ya kuichukua. Baba aliliweka boksi chini akaitikia kwa kichwa.

"Usikate simu," Bibi alisema. "Nilipiga kwa ajili ya tarehe, lakini kuna jambo jingine. Vuta kiti kwanza, mwanangu. Umekaa?"